UZI: Raga ya wachezaji 13 Uingereza, mchezo wa wapangaji

#1 Mkaaji wa Leeds

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la mawazo apitie juu juu atukute kwenye maoni.

Raga zipo mbili. Ile ya Springboks wa Afrika Kusini, All Blacks wa New Zealand na Safari Sevens ni familia moja. Ninayoileta leo ni ya wachezaji 13, na kwa Uingereza ni mchezo wa kaskazini. Anzia Hull pwani ya mashariki, fuata barabara kuu ya M62, pita Wakefield, Leeds, Bradford, Huddersfield na Salford, utokee Warrington na St Helens. Hapo umeimaliza karibu yote. Msimu wa 2025 ligi kuu yao, Super League, ilikuwa na klabu 12: 11 za ukanda huo na moja ya Perpignan, Ufaransa.

Hoja yangu ni hii. Watu wakijadili kwa nini mchezo huu haukui wanakimbilia sheria za mchezo, televisheni na matangazo. Mimi nasema tazameni hati ya kiwanja. Klabu nyingi za raga ya 13 ama ziliuza uwanja kulipa madeni, ama ni wapangaji kwa mtu, ama zimezeeka zikisubiri uwanja walioahidiwa. Na klabu isiyoshika uwanja haishiki pesa ya siku ya mechi. Bia, vyakula, maegesho, mabango, kumbi za kukodisha katikati ya wiki, vyote hivyo vinakwenda kwa mwenye nyumba au mnagawana. Unabaki na tiketi na mgao wa televisheni. Mgao wenyewe ulikuwa takriban pauni milioni 40 kwa mwaka kwa mchezo mzima, mwaka 2022 ukashuka hadi takriban milioni 25, kisha ukashuka tena.

Kuna mfano mmoja sijauona ukiandikwa popote kwa Kiswahili. Zamani msimu mmoja ulikuwa na vikombe vinne: ubingwa wa ligi, Challenge Cup (kombe la mtoano), ligi ya kaunti na kombe la kaunti. Klabu zilizowahi kuzoa vyote vinne kwa mpigo ni tatu tu: Hunslet 1908, Huddersfield 1915, Swinton 1928. Zote tatu zilikuja kupoteza uwanja. Hunslet uwanja wao wa Parkside uliuzwa 1973. Huddersfield waliondoka Fartown 1992. Mwaka huohuo Swinton wakauza Station Road, uwanja uliokuwa ukipokea mechi za kimataifa, kwa ajili ya deni, zikajengwa nyumba za kuishi. Swinton wakaenda kupanga Bury, wakahama, wakahama tena, sasa wako Sale, kusini mwa Manchester. Zaidi ya miaka 30 klabu inaitwa Swinton na haina uwanja Swinton.

Nashusha pumzi, nitarudi na Bradford.

#2 Ngosha wa Isamilo

Naweka kambi hapa. Ila mkuu hebu tueleze kwanza waligawana kwa nini, maana wengine tunajua raga ni raga tu, watu wanagombania yai.

#3 Mkaaji wa Leeds

Hahaha, yai ni lilelile. Waligawana kwa sababu ya shilingi 6.

Karne ya 19 raga ilikuwa moja na kanuni yake ilikuwa ridhaa, mchezaji halipwi. Kwa vijana waliosoma shule za matajiri kusini hilo halikuwa na shida. Kaskazini wachezaji walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda uwanjani unakatwa posho. Klabu zao zikaomba kumfidia mchezaji shilingi 6 kwa siku aliyokosa kazi. Wakubwa wa chama wakakataa. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu za kaskazini wakakutana hoteli ya George mjini Huddersfield, na klabu zaidi ya 20 zikaanzisha chama chao. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira utembee na mtazamaji aone kitu, kwa sababu sasa walimtegemea mtazamaji anayelipa kiingilio.

Raga ya 15 ikajibu kwa kumfungia maisha yeyote aliyekwenda upande wa pili. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1995, wao wenyewe walipokubali kulipa wachezaji. Miaka 100 kamili! Katika miaka hiyo shule za heshima, vyuo vikuu na majeshi vyote vilikuwa vya raga ya 15. Ufaransa ndiyo ilikuwa kubwa zaidi: serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, mwaka 1941 iliupiga marufuku mchezo wa 13 na kuchukua mali zake.

Kwa hiyo nikisikia "hauna mvuto" huwa nauliza, ulipewa lini nafasi ya kuvuta?

#4 Chuma cha Reli

Mkuu nakuheshimu, ila huu ni utetezi wa wakili. Miaka 130 mchezo umekaa ukanda uleule, halafu lawama tumpe mwenye uwanja? Kitu chenye mvuto hakingoji hati. Mpira wa miguu unachezwa kwenye vumbi na watu wanajaa mpaka juu ya miti. Simba na Yanga wanachezea uwanja wa serikali pale Mkapa, nani amewahi kusema hazina mvuto?

Uwanja ni kisingizio. Mchezo wenyewe mtu akishautazama dakika kumi anauliza mbona kila mara wanaangushana tu.

#5 Raga254

Mimi ni wa Nairobi, nimekulia karibu na uwanja wa RFUEA, Ngong Road. Huku raga maana yake ni Sevens. Tulipowachapa Fiji 30-7 kwa fainali ya Singapore 2016, hata mama mboga alijua. Lakini Lucas Onyango, winga aliyechezea Kenya, alienda kucheza hiyo ya 13 Oldham na huku wachache sana walifuatilia. Hakuna TV iliyoonyesha, hakuna aliyejua kanuni. Kwa hivyo Chuma hajakosea kabisa.

Halafu Oldham si nao walifukuzwa kwao? Nakumbuka kitu kama hicho.

#6 Mkaaji wa Leeds

Raga254 umenikumbusha. Oldham uwanja wao wa Watersheddings waliuacha 1997, wakazunguka kwa miaka mingi, na mwaka 2024 wamerudi kucheza Boundary Park, uwanja wa klabu ya soka ya mji.

Chuma, mfano wako wa Simba na Yanga naupokea, lakini hao wana mashabiki Kagera mpaka Mtwara. Ukiwahamisha kesho wakacheze Amaan, watajaza. Castleford ni mji wa watu wasiofika 50,000. Shabiki wake ni jirani. Mhamishe kilomita 20 na umekata mizizi.

Kuhusu mvuto: nenda Papua New Guinea, huo ndio mchezo wa taifa, na serikali ya Australia imekubali kutoa dola zake milioni 600 kwa miaka 10 ili timu ya huko iingie ligi ya Australia, NRL, mwaka 2028. Nenda Brisbane siku ya State of Origin, mechi ya majimbo ya Queensland na New South Wales, uwanja wa zaidi ya watu 50,000 uone kama kuna kiti. Mchezo ni uleule, kuangushana ni kulekule.

Sasa Bradford. Uwanja unaitwa Odsal. Ni shimo. Sikashifu, kweli ni shimo: manispaa ilikuwa ikimwaga taka pale, na mitelemko ya kukaa watazamaji ikajengwa kwa takataka zilizopangwa kuzunguka bonde. Ukafunguliwa 1934. Vyumba vya kubadilishia nguo viko juu, kwenye ukingo, kwa hiyo wachezaji wanashuka ngazi ndefu katikati ya mashabiki hadi uwanjani, na wakifungwa wanazipanda hizohizo huku wanasikia kila neno. Kuzunguka uwanja kuna njia ya mashindano ya magari, ndiyo maana mtazamaji yuko mbali na mchezo, na mvua ikinyesha wengi hawana paa.

Shimo hilohilo mwaka 1954 liliingiza watu 102,569 kwa idadi rasmi, Halifax na Warrington wakirudia fainali ya Challenge Cup. Inasemekana walioingia bila kuhesabiwa ni wengi pia.

Bradford Bulls walichukua ubingwa 1997, 2001, 2003 na 2005. Unajua kilichofuata? Mwaka 2012 pesa ziliwaishia, wakauza haki ya upangaji wa Odsal kwa chama cha mchezo chenyewe, RFL. Januari 2017 klabu ikafilisiwa, ikaanzishwa mpya siku chache baadaye. Msimu wa 2020 gharama za shimo zikawashinda, wakahamia Dewsbury, mji mwingine. 2021 wakarudi. Bingwa mara nne ndani ya miaka tisa, anahangaika pa kulala.

#7 Mama Shufaa

Nasoma kimya kimya lakini hapa nimeshindwa. Hivi hizo halmashauri zao hazisaidii? Maana Ulaya tunaambiwa kila kitu kina mpango. Na kwa nini viwanja vyote viwe vibovu kwa pamoja, si mmoja mmoja?

#8 Mkaaji wa Leeds

Dada swali la pili ndilo la maana, naanza nalo.

Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la mbao la klabu ya soka ya Bradford City liliwaka moto mechi ikiendelea, wakafa watu 56. Baada ya hapo sheria za usalama zikabanwa, na zikavigusa viwanja vya raga ya 13 ambavyo vilikuwa havijakaguliwa kwa ukali. Wakaguzi wakapita. Majukwaa ya mbao yakafungwa, idadi ya watu wanaoruhusiwa ikakatwa. Ilikuwa lazima, hakuna wa kubisha. Lakini klabu ambayo haijawahi kuweka akiba iliambiwa karabati au funga, kwa wakati uleule ambao migodi na viwanda vya miji hiyo vilikuwa vikifungwa. Mteja hana kazi, jukwaa limefungwa, na mtu mwenye cheki yuko mlangoni anataka ardhi. Fartown na Station Road ziliondoka hivyo.

Aliyekuja na cheki mara nyingi alikuwa supamaketi. Central Park ya Wigan, uwanja waliouchezea tangu 1902, waliuacha 1999 na leo pale unanunua mkate Tesco. Uwanja mpya wa Warrington una Tesco pembeni. Uwanja mpya wa St Helens nao una Tesco pembeni. Mtu akiandika historia ya raga ya 13 akasahau Tesco, ameacha sura nzima.

Halmashauri sasa. Chukua Wakefield Trinity, kwao ni Belle Vue, uwanja mkongwe hasa. Wakaahidiwa uwanja wa jamii sehemu inaitwa Newmarket, kandokando ya eneo la maghala. Uchunguzi wa hadhara ukafanyika, waziri akaidhinisha mwaka 2012. Sharti lilikuwa kwamba maghala yakifikia ukubwa fulani, mwekezaji anajenga uwanja. Likajengwa ghala kubwa la kuhifadhia vyakula vya baridi, unaliona kutoka mbali. Mashabiki wakashangilia. Kumbe ghala lile lilipitishwa kwa ombi lingine la ujenzi, tofauti na lile la awali, kwa hiyo kisheria halihesabiki! Maghala yapo, uwanja haupo. Watu walikwenda mikutano ya halmashauri mwaka baada ya mwaka kuuliza swali lilelile.

Kilichowaokoa ni kuacha kungoja. Wakajenga jukwaa jipya la mashariki palepale Belle Vue, tajiri wa hapohapo Matt Ellis akanunua klabu 2023 wakiwa wameshuka daraja, na 2025 walikuwa wamerudi Super League.

#9 Ngosha wa Isamilo

Hiyo ya ghala kutohesabika ni ya kwetu kabisa hiyo. Nilidhani wazungu wamestaarabika.

#10 Chuma cha Reli

Nimeperuzi kidogo, na sasa Mkaaji nijibu hili bila kuzunguka. Huddersfield waliondoka kwenye uwanja mbovu, mwaka 1994 wakaingia uwanja wa kisasa kabisa wa watu 24,000, paa za upinde, umepata sifa za wasanifu. Wamejaza? Hawajajaza. Siku za raga viti vinaonekana rangi zake zote. Hapo hati ya kiwanja imesaidia nini? Mji uleule mchezo ulipozaliwa, uwanja mzuri, watu hawaji. Mvuto.

#11 Raga254

Hapo sasa. Mkaaji shika kiti.

#12 Mkaaji wa Leeds

Nimeshika.

Chuma, Huddersfield ni ukweli na unauma. Lakini angalia ni uwanja wa nani. Wanaushiriki na klabu ya soka, na ukubwa wake ni wa soka. Watu 5,000 kwenye nyumba ya 24,000 ni baridi tupu, sauti inapotea. Hata hao Huddersfield wenyewe wamekuwa wakizungumzia kujenga uwanja wao mdogo. Mwenye uzoefu wa huo "uwanja wa kisasa" ndiye anayeukimbia.

Linganisha na Warrington. Waliacha Wilderspool 2003, mwaka uliofuata wakaingia uwanja wao ulio hatua chache kutoka katikati ya mji, wakaacha majukwaa mawili ya kusimama kwa makusudi, kwa sababu shabiki wa raga ya 13 hapendi kukalishwa. Mahudhurio yakapanda. St Helens wakafanya hivyohivyo: Knowsley Road waliouchezea tangu 1890 wakauaga 2010, mwaka 2011 wakajibanza Widnes, 2012 wakaingia uwanja mpya wa 18,000, nao uko karibu na mji na una pa kusimama. Siku ya mechi unaona watu wanatoka kituo cha treni na jezi nyekundu na nyeupe, wanavuka daraja, wamefika.

Halafu Salford. Waliacha The Willows 2011, uwanja wa mtaani, kona ya nyumba za watu. Wakapelekwa Barton, pembezoni kabisa, kando ya barabara ya M60, bila kituo cha treni jirani, wakiushiriki na klabu ya raga ya 15, Sale Sharks. Timu ilikuwa nzuri! Fainali kuu ya ligi 2019, fainali ya Challenge Cup 2020 wakafungwa pointi moja tu na Leeds, 17-16. Watu hawakuja kwa wingi hata hivyo, kwa sababu kufika pale ni safari. Februari 2025, wakiwa wamebanwa kwenye mishahara kwa sababu ya hali ya fedha, waliingiza watoto kucheza na St Helens wakala 82-0. Desemba mwaka huohuo mahakama ikaifuta kampuni kwa deni la kodi. Klabu ya 1873. Imeanzishwa nyingine mpya, ya daraja la pili.

Sisemi uwanja peke yake uliwaua. Kulikuwa na uongozi mbovu na ahadi za wanunuzi. Ila klabu yenye kitu cha kuweka rehani, au mapato ya bia yake mwenyewe, huwa inapata muda wa kupumua. Mpangaji hapewi muda.

#13 Mama Shufaa

82-0 😳 hao watoto walirudi nyumbani kweli?

#14 Raga254

Swali langu: si walileta ile kampuni kubwa ya biashara ya michezo, IMG, irekebishe mambo? Na London je? Mji wa watu milioni tisa unakosaje mashabiki elfu kumi?

#15 Mkaaji wa Leeds

IMG waliingia 2022 kwa mkataba wa miaka 12. Walileta alama: kila klabu inapimwa kwa alama 20, ukifika 15 wewe ni daraja A na nafasi yako ni salama. Uwanja una alama 3. Wanaangalia kama uko na mabango ya umeme na skrini, kama wewe ndiye mwenye kipaumbele cha tarehe au mpangaji wa kusogezwa, na asilimia ya viti unavyojaza. Ona mtego: Huddersfield wakienda uwanja mkubwa wanakosa alama kwa viti vitupu, Castleford wakibaki Wheldon Road, walipo tangu 1927, wanakosa kwa vifaa vya kizamani. Castleford nao wana hadithi yao ya uwanja mpya kandokando ya M62 ambao haukujengwa, siiweki hapa, ni ya Wakefield yenye majina mengine.

London ndiyo kichekesho kikubwa. Septemba 14, 1980, klabu ya soka ya Fulham ilianzisha timu ya raga ya 13 Craven Cottage ili uwanja uingize pesa za ziada. Mechi ya kwanza wakampiga Wigan 24-5 mbele ya watu 9,554. London! Siku moja! Baadaye hasara ikaingia, wenye uwanja wakaachia. Timu ikahama: Crystal Palace, Chiswick, Barnet, uwanja wa Charlton, uwanja wa Harlequins, Ealing, sasa Wimbledon. Jina nalo likabadilika njiani. Uko Croydon umempeleka mtoto mara tatu ameanza kupenda, msimu ujao timu iko upande mwingine wa jiji, saa moja na nusu kwa treni. Oktoba 2023 walipanda Super League kwa kuwafunga Toulouse kwao Ufaransa, na mwezi huohuo hesabu za majaribio za IMG zikawaweka nafasi ya 24. Yaani walianza msimu wakijua wanashuka hata wakicheza vizuri.

Kwa hiyo Chuma, tukisema London haina mvuto wa raga ya 13, nani aliwahi kuketi sehemu moja muda wa kutosha kuujaribu huo mvuto?

#16 Chuma cha Reli

Hapo London nimekupa. Nimekubali.

Kaskazini sijakubali. Fainali kuu Old Trafford inajaza karibu 70,000, sawa, England na Australia Wembley mwaka 2025 zaidi ya 60,000, sawa. Hiyo ni sherehe. Jumapili ya mvua na timu ya nane ndiyo kipimo, na kipimo hicho uwanja mpya hautakuokoa kama watoto wa shule wa Wakefield wote wanaota Premier League. Hull KR 2025 wamechukua vikombe vyote vitatu, tuone kama msimu wa tano baada ya hapo bado kutajaa.

#17 Mkaaji wa Leeds

Hull KR unawataja vizuri. Wako Craven Park, mashariki ya mji wao, tangu 1989, na wenzao Hull FC ndio wapangaji kwenye uwanja wa soka tangu walipohama uwanja wao wa zamani, Boulevard, 2002. Huyo mwenye kwake ndiye anayejaza na kubeba vikombe. Mji mmoja, mchezo mmoja, watu walewale.

Kuhusu watoto wa shule uko sawa na sina jibu la haraka. Kwa uwanja jibu langu ni hili: jenga wa watu 10,000 hadi 15,000, karibu na kituo cha treni, nusu wasimame, baa iwe yako. Anayetaka kubisha atuletee klabu iliyofanya hivyo ikajuta.

#18 Ngosha wa Isamilo

Na Bradford wamerudi Super League 2026, palepale shimoni?

#19 Mkaaji wa Leeds

Palepale. Ligi imeongezwa hadi klabu 14, Bradford, York na Toulouse wameingia. Odsal ni ileile, ngazi zilezile. Mimi nitakuwa upande wenye paa, Chuma ukipita huku kaskazini kuna tiketi yako.

#20 Chuma cha Reli

Upande wenye paa nakuja. Usiniweke kwenye takataka za 1934.